Seva ipo, haipo, au hujaiona? Jibu kwa afisa TEHAMA anayeskani kompyuta mia tatu

Swali: Mimi ni afisa TEHAMA kwenye taasisi yenye kompyuta kama mia tatu, Windows kwa Linux. Wakaguzi wa leseni wanataka orodha ya mashine zote zenye seva za hifadhidata zinazofanya kazi, hasa SQL Server na Oracle. Naskani mtandao kwa Nmap, programu inayoulizia mashine zipi zinajibu kwenye mtandao, halafu napitisha skripti inayotafuta majina ya michakato (programu zinazoendeshwa wakati huo) kwenye kila mashine. Jumatatu nilipata 19, Jumatano 23, Ijumaa 17, na katika wiki hiyo hakuna aliyesakinisha wala kuondoa kitu. Nishike ipi?

Jibu: Usishike hata moja kwa sasa. Inawezekana kabisa zote tatu ni za kweli kwa dakika zilipochukuliwa. Kinachokuyumbisha ni kwamba skani yako inajibu maswali matatu kwa mkupuo, kisha inatoa jumla moja. Je, programu ya seva imesakinishwa? Je, mchakato wake uko hai sasa hivi? Je, anayeuliza kutoka kwenye mtandao anajibiwa? Kompyuta moja inaweza kuwa na ndiyo mbili za mwanzo na hapana ya tatu. Nyingine ina ndiyo ya kwanza peke yake, kwa sababu huduma imezimwa tangu mwaka jana na hakuna anayeikumbuka. Tengeneza jedwali lenye safu tatu, kila swali na safu yake, na uache kabisa kuzijumlisha. Ukifanya hilo tu, nusu ya fumbo lako limeisha.

Nianze na Nmap, maana ndiyo inayosingiziwa zaidi. Chombo hiki kipo tangu 1997 na ni kizuri, ila kazi yake ni kupiga hodi. Asiyeitikia huenda hayupo, huenda hataki wageni, na huenda mlinzi wa getini hakukuruhusu hata kuufikia mlango. Nmap yenyewe haikudanganyi juu ya hilo: poti (mlango wenye namba ambao programu husikilizia) ikiwa imefungwa huiandika closed, yaani mashine imejibu kwamba hapa hakuna anayesikiliza, poti iliyozuiwa huiandika filtered, yaani pakiti zimemezwa njiani, mara nyingi na faiwoli (kizuizi cha mtandao), na Nmap haiwezi kukuambia nyuma yake kuna nini. Balaa huanzia kwenye skripti zetu, zinazookota mistari yenye open na kutupa mingine yote kama vile closed na filtered ni ndugu mapacha. Rudi kwenye matokeo yako ya Ijumaa uangalie filtered zilikuwa ngapi. Sitashangaa kama kati ya Jumatano na Ijumaa kuna mtu alisukuma sera mpya ya faiwoli.

Jambo la pili kuhusu Nmap: usipoiambia poti, inapima 1,000 zinazotumika sana kati ya 65,535. SQL Server ya kawaida inakaa 1433, na hiyo utaiona. Lakini ikisakinishwa kwa jina lake yenyewe, kwa mfano kwenye SEVA01\UHASIBU, hupewa poti ya kubahatisha, na inaweza kubadilika huduma ikiwashwa upya. Anayejua poti ya leo ni huduma nyingine iitwayo SQL Server Browser, inayosikiliza poti 1434 ya UDP, njia ya kutuma pakiti isiyosubiri uthibitisho kama TCP. Kwa hiyo ongeza hatua fupi ya kuuliza poti hiyo moja tu kwa kila mashine, nmap -sU -p 1434, na kwa TCP tumia -p- angalau mara moja ili poti zote zipitiwe. Usijaribu UDP yote. Mashine ya Linux hupunguza majibu yake ya "hakuna mtu hapa" hadi takriban moja kwa sekunde, na poti 65,536 kwa mwendo huo ni zaidi ya saa 18 kwa kompyuta moja.

Poti hiyo ya 1434 ina historia ambayo kila anayefanya kazi kama yako anafaa kuijua. Tarehe 25 Januari 2003 mnyoo wa SQL Slammer, wenye baiti 376 tu, ulipenya hapo na kuambukiza mashine zipatazo 75,000 duniani, nyingi kati ya hizo ndani ya dakika kumi. Microsoft ilikuwa imeshatoa kiraka tangu Julai 2002. Wengi hawakukiweka kwa sababu rahisi: hawakujua kwamba wana SQL Server. Walichokuwa nacho ni MSDE, toleo dogo lililokuja limefungashwa ndani ya programu nyingine walizonunua kwa shughuli zao. Leo nafasi hiyo imeshikwa na SQL Server Express, na bado inaingia ofisini kwa njia ile ile, pamoja na programu ya uhasibu, au ya mahudhurio ya alama za vidole, au ya stoo. Na Express ikisakinishwa bila kuguswa, TCP huwa imezimwa. Inazungumza na programu zilizo ndani ya kompyuta hiyo hiyo peke yake. Piga hodi poti zote 65,535 mpaka kesho, kompyuta ya mhasibu haitaitikia, na hifadhidata imo ndani inafanya kazi.

Ndiyo maana nakushauri Nmap ibaki kwa swali la tatu tu. Maswali mawili ya mwanzo hujibiwa kutoka ndani ya mashine.

Kwenye Windows, acha kuanza na majina ya michakato. Anza na huduma, kwa sababu huduma inabaki kwenye orodha hata ikiwa imezimwa, na ikiwa hai inakupa namba ya mchakato wake:

Get-CimInstance Win32_Service | Where-Object PathName -like '*sqlservr.exe*' | Select-Object Name, State, ProcessId, PathName

Ona nimetafuta kwenye njia ya faili na sikutafuta kwenye jina la huduma. Jina hubadilika: MSSQLSERVER kwa ile ya kawaida, MSSQL$UHASIBU kwa ile yenye jina. Faili linaloendeshwa ni lile lile. State ikiwa Stopped, ProcessId itakuwa 0, na hapo umejaza safu ya kwanza na ya pili kwa pigo moja.

Baada ya hapo chukua orodha ya michakato yote iitwayo sqlservr.exe na uilinganishe na zile namba za huduma. Hapa ndipo naamini Jumatano yako imejificha. Ukipata sqlservr.exe ambayo namba yake haimo kwenye huduma yoyote, mara nyingi ni LocalDB, toleo la watengeneza programu ambalo haliwi huduma kamwe. Huamka programu inapoihitaji, likiwa chini ya akaunti ya mtumiaji mwenyewe, na baada ya dakika chache za kukaa bila kazi hujizima. Wakiwepo vijana wanne wa kitengo cha programu waliofungua Visual Studio asubuhi ya Jumatano, umeshapata tofauti ya 19 na 23, na hakuna aliyesakinisha kitu.

Kuna sqlservr.exe nyingine ya kuichunga, inayokaa C:\Windows\WID\Binn. Hiyo ni hifadhidata ya ndani ya Windows yenyewe, huduma yake inaitwa MSSQL$MICROSOFT##WID, na utaikuta hasa kwenye seva ya kusambaza masasisho, WSUS. Haidaiwi leseni ya SQL Server. Skripti inayohesabu kwa jina la mchakato itaihesabu, mkaguzi ataiona kwenye orodha yako, na utatumia nusu siku kueleza kitu ambacho njia ya faili ingekieleza kwa mstari mmoja.

Kwa zilizobaki unahitaji kujua toleo, kwa kuwa Express ni ya bure, Developer ni ya bure lakini hairuhusiwi kwa kazi halisi ya uzalishaji, na Standard na Enterprise ndizo zenye bei. Kama huna akaunti ya kuingia kwenye hifadhidata na kuuliza SERVERPROPERTY('Edition'), fungua faili la ERRORLOG kwenye folda ya Log ya hiyo seva. Mistari yake ya mwanzo kila inapowashwa huandika toleo na aina yake. Binafsi napenda zaidi njia hii ya pili, sababu haihitaji kumsumbua msimamizi wa hifadhidata, na wasimamizi wa hifadhidata hawapendi kusumbuliwa.

Wakaguzi wakihamia kwenye seva za wavuti, na huwa wanahamia, kumbuka kwamba IIS, seva ya wavuti ya Windows, ina tabia yake. Ukiendesha netstat -ano utaona poti 80 inamilikiwa na mchakato namba 4, yaani System, kwa sababu anayepokea maombi ni kipande cha keneli (kiini cha mfumo) kiitwacho HTTP.sys. Mfanyakazi mwenyewe, w3wp.exe, huzaliwa ombi la kwanza linapoingia na, kama hakuna aliyebadilisha mipangilio, huondoka baada ya dakika 20 za ukimya. Ukiskani saa nane usiku, IIS yenye tovuti tano itaonekana haina mchakato hata mmoja. Linux nayo ina jambo linalofanana: systemd, inayosimamia huduma za mashine, inaweza kushika poti kwa niaba ya huduma, na huduma yenyewe haiwashwi mpaka mgeni wa kwanza afike. Ukiona poti inamilikiwa na mchakato namba 1, usiandike kwamba systemd ni seva ya hifadhidata. Uliza systemctl list-sockets ikuonyeshe mwenyewe ni nani.

Tukiwa huko Linux, njia ninayoiamini inaanzia kwenye soketi (anwani na poti inayosikilizwa), inakwenda kwenye namba ya mchakato, kisha kwenye faili lenyewe. Hivi:

sudo ss -ltnp
LISTEN 0 244 127.0.0.1:5432 0.0.0.0:* users:(("postgres",pid=913,fd=5))
sudo readlink /proc/913/exe
/usr/lib/postgresql/14/bin/postgres

Mistari hiyo inakupa mengi. Kuna PostgreSQL (hifadhidata nyingine), iko hai, ni toleo la 14, na inasikiliza 127.0.0.1 peke yake, anwani ambayo mashine hujiita yenyewe, kwa hiyo Nmap kutoka kompyuta nyingine haitaiona kamwe na itakuwa haijakosea. Ukiondoa sudo (haki za msimamizi), ile sehemu ya users itabaki tupu kwa michakato isiyo yako, na skripti isiyojali itaandika kwamba poti haina mwenyewe.

Kwa nini nisiridhike na neno "postgres" lililopo tayari? Kwa sababu jina ni lebo tu. Linux huhifadhi jina fupi la mchakato kwa herufi 15, ndiyo maana systemd-timesyncd huonekana systemd-timesyn. Ukitafuta jina kamili kwa ulinganifu wa herufi kwa herufi, hupati kitu. Programu inaweza pia kujibadilisha jina. Na seva zote zilizoandikwa kwa Java huitwa java: Tomcat ni java, Elasticsearch ni java, na programu ya mishahara iliyoandikwa na mkandarasi huenda nayo ni java. Kwa hizo soma mstari mzima wa amri kwenye /proc/913/cmdline (weka namba ya mchakato wako). Tomcat hujitaja kwa -Dcatalina.base, nyingine hutajwa na faili la jar.

Wakati mwingine readlink itakurudishia njia yenye neno (deleted) mwishoni. Usiipuuze. Maana yake faili limebadilishwa, pengine na sasisho, lakini mchakato wa zamani haujawashwa upya. Orodha ya vifurushi itakuambia una toleo jipya na lililo kwenye kumbukumbu ya mashine ni la zamani. Mtu wa leseni hatajali. Mtu wa usalama atakushukuru sana.

Oracle kwenye Linux ni rahisi kuliko watu wanavyodhani, mradi usihesabu michakato. Hifadhidata moja ya Oracle huzaa michakato mingi ya nyuma ya pazia, lakini kila hifadhidata ina mchakato mmoja tu uitwao pmon, na jina lake la utambulisho (SID) limebandikwa mkiani: ora_pmon_MISHAHARA. Endesha pgrep -af '^ora_pmon_' na uhesabu mistari. Usihesabu tnslsnr, ile inayosikiliza 1521. Huyo ni mpokea wageni, anaweza kuwa macho wakati hifadhidata yenyewe imezimwa, na hifadhidata inaweza kuwa hai yeye akiwa amelala. Kwenye Windows utakuta oracle.exe moja kwa kila hifadhidata, na huduma yake inaanza na OracleService. PostgreSQL nayo huzaa mchakato kwa kila anayeunganishwa, kwa hiyo hesabu mzazi peke yake. Skripti inayohesabu "postgres" zote itapanda asubuhi na kushuka jioni kwa kufuata wafanyakazi wanavyoingia na kutoka.

Na kwa Oracle usidhani huduma iliyozimwa imekutoa kwenye deni. Mikataba yake huhesabu programu iliyosakinishwa au inayofanya kazi, yoyote kati ya hizo. Ndiyo sababu nyingine ya kutounganisha safu zako.

Kontena, yaani programu zilizofungiwa kwenye mazingira yao ndani ya mashine, zinahitaji tahadhari ya peke yake. Kila kontena la Docker kwa kawaida lina mtandao wake, na ss ya mashine mwenyeji haioni ndani ya mtandao huo. Michakato yenyewe inaonekana kwa ps ya mwenyeji bila shida. Matokeo yake ni kwamba MySQL iliyo ndani ya kontena, isiyofunguliwa poti kwa nje, itaonekana kwenye orodha ya michakato na kukosekana kwenye orodha ya poti. Ikifunguliwa poti, mara nyingi utaona docker-proxy ndiyo inayosikiliza, na jina hilo halikuambii chochote kuhusu aliye ndani. Chukua namba ya mchakato, ingia kwenye mtandao wake kwa nsenter -t NAMBA -n ss -ltnp, utamuona.

Sasa nirudi kwenye Ijumaa yako ya 17, kwa sababu sidhani ni faiwoli peke yake. Skripti yako ikishindwa kuifikia kompyuta, inaandika nini? Kama inaandika sifuri au haiandiki chochote, basi umepata jibu. Kuuliza Windows kwa mbali kwa WMI kunahitaji TCP 135 pamoja na poti za juu zinazogawiwa papo hapo. WinRM, njia nyingine ya kuuliza Windows kwa mbali, inahitaji 5985 au 5986. Linux inahitaji SSH. Kimoja kikizibwa, au kompyuta ya mkononi ikiwa imeondoka na mwenyewe Ijumaa mchana, hujui kilichomo. Hata ukifika, akaunti isiyo na haki kamili inaweza kupewa majina ya michakato huku njia ya faili na mstari wa amri vikiwa vitupu. Kila seli ya jedwali lako iwe na uwezekano wa jibu la tatu mbali na ndiyo na hapana: haikuonekana, na sababu yake. Na idadi yoyote unayompa mkaguzi iende na idadi ya mashine zilizofikiwa. Mkaguzi mzoefu akiona orodha ya mashine mia tatu isiyo na hata moja iliyoshindikana, ndipo anapoanza kuuliza maswali magumu.

Kuhusu muda: skani moja ni picha ya dakika moja. Weka kazi ya ratiba ndani ya kila mashine, kila saa, iandike ilichokiona na kutuma sehemu moja, kisha kwenye jedwali weka tarehe ya kuonekana mara ya kwanza na ya mwisho. Kama unaweza kusakinisha ajenti (programu ndogo inayokaa ndani ya kila mashine), osquery, iliyotoka Facebook mwaka 2014, inafanya kazi Windows na Linux na inakuruhusu kuuliza kwa lugha ya SQL:

SELECT p.pid, p.name, p.path, p.start_time, l.address, l.port FROM listening_ports l JOIN processes p USING (pid);

Nimeweka start_time kwa makusudi. Namba za michakato hutumika tena. Ukichukua poti saa 4:00 na michakato saa 4:05 kwa amri mbili tofauti, namba 913 ya kwanza na 913 ya pili huenda si mchakato mmoja. Namba pamoja na muda wa kuanza ndiyo utambulisho. Ila swali hilo haliioni ile Express ya mhasibu, maana haina poti. Kwa hiyo uliza pia jedwali la processes peke yake, na la services kwenye Windows.

Kabla hujaanza upya, pata ruhusa ya maandishi na uwaambie watu wa mtandao saa utakayoskani, la sivyo watakufungia anwani yako katikati ya kazi na utapata Ijumaa nyingine. Na ukitumia -sV, usiongeze --allports. Nmap huruka TCP 9100 kwa makusudi inapotambua matoleo, kwa kuwa printa nyingi huchapa chochote kinachotumwa hapo. Ukiilazimisha, kila printa kwenye majengo yenu itatoa karatasi za herufi zisizosomeka, na simu ya kwanza itatoka masijala.